Mwenye macho haambiwi tazama? Usonji, kazi na neno "jiongeze"

Siku ya kwanza kazini, bosi alimwambia mpwa wangu asimame mlangoni. Lilikuwa duka kubwa la vyakula hapa Dar es Salaam, saa mbili asubuhi, na alichotaka bosi ni kijana aelekeze lori la soda lishushe mzigo, kisha aingie ndani kupanga bidhaa. Lori likaja, likashusha, likaondoka. Mpwa wangu akabaki mlangoni. Saa saba mchana bado yuko pale pale, jua la utosi, hajanywa hata maji. Bosi alipomkuta alicheka kwanza, halafu akatamka lile neno ambalo kila kijana aliyewahi kuajiriwa nchi hii analijua: "Dogo, jiongeze!"

Siku ya kumi na moja akaachishwa. Dada yangu alipopiga simu kuuliza kulikoni, akajibiwa kwamba kijana ni mzito, hasalimii watu, na kila jambo mpaka atafuniwe.

Leo mpwa wangu yuko mwaka wa tatu kwenye stoo ya duka la spea za magari, Gerezani, Kariakoo. Ukimtajia bushi ya Noah ya mwaka fulani anakwambia iko rafu ya ngapi na zimebaki ngapi, bila kufungua daftari. Usonji wake ni ule ule aliokuwa nao akiwa mlangoni kwenye lile jua. Kilichobadilika ni kwamba kwenye duka la spea hakuna anayemwambia ajiongeze.

Neno hilo lina ukoo mrefu. Wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wakasema tena, akufukuzaye hakwambii toka. Kiswahili kinamheshimu mtu anayeelewa ambalo halijasemwa, na sehemu kubwa ya adabu yetu imejengwa juu ya hilo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hakuna anayemwambia mgeni alime shamba lipi. Mtu anainuka kwenye kiti chake ofisini, anaaga "nakuja", na maana yake ni kwamba humwoni tena mpaka jioni. Umeomba kazi ukaambiwa "tutakupigia", basi umenyimwa. Wengi wetu tunayasoma haya bila hata kujua kwamba tunasoma. Mtu mwenye usonji mara nyingi huyapokea maneno kama yalivyotamkwa. Kwake siku ya kazi ni mtihani wa mafumbo ambao hakuna aliyewahi kumfundisha, na akishindwa anaambiwa hana akili au hana adabu.

Kwa asiyejua: usonji ni namna ubongo wa mtu ulivyokua tangu mwanzo. Hauambukizi, hauletwi na malezi mabaya wala jicho la mtu, na mtu hakui ukamwisha. Unagusa jinsi anavyowasiliana na wengine, jinsi anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso, na jinsi anavyoshikilia utaratibu na mambo anayoyapenda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Ndani ya idadi hiyo kuna mhandisi mwenye shahada mbili na kuna kijana wa miaka 30 asiyetamka neno. Yeyote anayekupa orodha ya "kazi zinazowafaa wenye usonji" kabla hajauliza ni nani anayezungumziwa, orodha yake itupe.

Tatizo jingine ni kwamba tunauzungumza usonji kana kwamba ni jambo la watoto peke yao. Kila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani ambayo Umoja wa Mataifa umeiadhimisha tangu 2008, utaona picha za watoto, maputo na fulana za bluu. Mtoto huyo anafika miaka 18, kitengo cha elimu maalumu kinamaliza kazi yake, na kuanzia hapo nyumba inabaki na mtu mzima mwenye afya na nguvu ambaye ratiba yake ya siku ni kochi na televisheni. Bado hatujawataja wale ambao hawakupimwa kamwe, waliopita shule za kawaida wakiitwa "mkimya", "ana mambo yake", "huyu mtoto mgumu". Hao ndio wanaobadilisha kazi sita kwa miaka minne na hawajui kwa nini.

Nchi tajiri nazo hazijavuka salama. Ripoti ya serikali ya Uingereza iliyotoka Februari 2024, ile inayojulikana kwa jina la Buckland, ilieleza kwamba kati ya watu wazima 10 wenye usonji walio katika umri wa kufanya kazi, takriban 3 tu ndio wenye ajira. Kwa watu wenye ulemavu kwa ujumla ni 5 kati ya 10, na kwa wasio na ulemavu ni 8. Na hiyo ni nchi yenye hospitali, ruzuku na sheria za kutosha. Kwa hiyo mlango umebanwa na kitu zaidi ya umaskini.

Wengi wakisikia usonji na kazi, akili inakimbilia kompyuta. Dhana hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2004 Thorkil Sonne, baba wa Kidenmaki mwenye mtoto mwenye usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne, akawaajiri watu wenye usonji kukagua programu za kompyuta na kunasa makosa ambayo wengine huyapita. Mwaka 2013 kampuni kubwa ya Ujerumani, SAP, ikafungua mpango wake ikishirikiana naye. Ni kazi nzuri na imefungua macho ya waajiri wengi. Lakini imeacha nyuma imani kwamba kila mwenye usonji ana kipaji kilichofichwa, na asiye nacho tufanye nini naye? Mwaka huo huo wa 2013, kule Parkland, Florida, baba mmoja na mwanawe mkubwa walifungua kituo cha kuosha magari kiitwacho Rising Tide, kwa sababu mtoto mwingine wa familia ana usonji na alihitaji kazi. Wafanyakazi wao wengi wana usonji. Kuosha gari moja wamekugawa katika hatua 46, na kila mtu anajua hatua zake. Mimi nikipima, kuosha magari kuna funzo kubwa kwetu kuliko kompyuta. Kila mtaa una mahali pa kuoshea magari, na kipaji kinachotakiwa pale ni kuosha vizuri gari la ishirini kama ulivyoosha la kwanza.

Lakini habari ninayoipenda kuliko zote ni ya zamani zaidi. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, alichapisha maelezo ya watoto 11 na kuipa hali yao jina la usonji. Wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett, mzaliwa wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alikuwa mtoto wa kuzungushazungusha vitu, kurudiarudia maneno na kuhesabu kila kilicho mbele yake. Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka kuishi na mkulima mmoja na mkewe, kama maili 10 kutoka mjini. Wale wakulima hawakuwa wataalamu wa chochote isipokuwa shamba.

Kanner alipokwenda kumtembelea mwaka 1945 alishangaa. Donald alikuwa na wazimu wa vipimo, basi walimpa kazi ya kuchimba kisima na kutoa taarifa ya kina chake. Alikuwa akiokota wadudu na ndege waliokufa, wakamkatia eneo la makaburi, akawa anaweka alama kwenye kila kaburi. Alikuwa hachoki kuhesabu mistari ya mahindi, wakamwambia aihesabu huku analima kwa plau. Mbele ya macho ya Kanner alilima mistari 6 mirefu, farasi na plau vikimtii. Wakulima wale hawakumkataza tabia yake hata moja. Kila tabia waliifungia kazi.

Donald alikwenda shule, akapata shahada, kisha akaingia kazini katika benki ya mji wao, akaanza na vitabu vya hesabu, na akadumu na benki hiyo kwa takriban miaka 65. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Tusidanganyane lakini: benki ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Familia ilikuwa na fedha, ya Wazungu, katika Mississippi ya ubaguzi, na mtoto Mweusi mwenye hali kama yake asingeandikwa na daktari yeyote. Nalitaja hilo kwa sababu kwetu pia kazi nyingi hupatikana kwa kujuana. Tunaliona kujuana kama doa, na kwenye ajira za umma ni doa kweli. Kwa kijana ambaye hawezi kujinadi, mtu wa kumwambia mwenye duka "huyu namjua, mpe wiki mbili umwone" ndiye mlango pekee ulio wazi.

Mlango wa kawaida, usaili, umejengwa kupima kitu ambacho kazi yenyewe haikihitaji. Mwaka 2017 mtafiti Noah Sasson na wenzake walichapisha majaribio yaliyonikaa akilini. Watu wasio na usonji walionyeshwa vipande vifupi vya watu wakizungumza, wengine wenye usonji na wengine wasio nao, bila kuambiwa nani ni nani. Ndani ya sekunde chache wenye usonji walikwisha kupewa alama za chini, na watazamaji hawakuwa na hamu ya kuwakaribia. Kisha wengine wakapewa maneno yale yale yameandikwa kwenye karatasi, bila sura wala sauti. Tofauti ikatoweka. Yaliyosemwa hayakuwa na kasoro, ila sauti, uso na mikono vilikwenda tofauti na vilivyozoeleka.

Sasa mweke mtu huyo mbele ya jopo la watu watano, umwambie "hebu tueleze kuhusu wewe mwenyewe". Aanzie wapi? Siku aliyozaliwa? Mpwa wangu aliwahi kuulizwa hivyo na akajibu "Nina kilo sitini na mbili." Ukimuuliza badala yake "kwenye mafunzo ya vitendo ulifanya kazi gani, kuanzia asubuhi hadi jioni?" atakujibu mpaka umwambie basi. Kuna na hili la "mtazame machoni" linalofundishwa kwenye semina za ajira. Nyumba nyingi za Kiswahili hazikulea watoto wa kumkodolea macho mtu mzima. Tumeliazima hilo kutoka kwa wengine, na sasa tunawafelishia watoto wetu wenyewe.

Mwajiri anayetaka kweli kujua kama mtu anaweza kazi, ampe kazi. Ampe maboksi mawili ayapange, risiti 50 azilinganishe, unga aukande. Kama lazima pawe na maswali, basi ayatume siku mbili kabla. Hapa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo Ulaya wanaigharimia: kwa fundi seremala, kwa cherehani, kwenye gereji, kijana haingii kwa usaili. Anaingia kwa kukaa pembeni ya fundi, kushika tochi, kuonyeshwa, kurudia. Mafunzo ya namna hiyo, ya macho na mikono zaidi ya maelezo, yanawafaa wengi wenye usonji kuliko darasa lolote. Ubaya wake ni kelele, matani ya kukwaruza, na bosi anayetoa maagizo matano kwa pumzi moja. Na kuna shimo jingine la kuliangalia: "kujitolea" kusikoisha. Mtu asiyelalamika ni rahisi kumweka mwaka mzima kwa nauli tu. Majaribio yawe na tarehe ya mwisho, iandikwe, na iwe siku ya kuamua mshahara.

Mshahara wenyewe una wezi wake. Wenzake wa dukani walipogundua kwamba mpwa wangu hajui kukataa, kila mwisho wa mwezi ikawa "nikopeshe elfu kumi, Ijumaa nakurudishia". Ijumaa ipi, hakuuliza. Dada yangu alimpa sentensi moja ya kusema, "Pesa zangu anatunza mama," na mzee mwenye duka akawaita wale wakopaji pembeni. Yaliisha hapo, ingawa kwa wiki kadhaa alikuwa akiisema sentensi hiyo hata kwa konda wa daladala anayedai nauli.

Nirudi kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu. Kazi yoyote, hata ya kufagia, ina mafungu matatu yaliyosukwa pamoja. Kuna kitendo, kuna mahali, na kuna kanuni ambazo hazijaandikwa popote. Mtu anaweza kuwa bingwa wa kitendo akaangushwa na mahali: taa inayopepesa, jenereta, harufu ya samaki, rangi mpya ukutani. Anaweza kumudu kitendo na mahali akaangushwa na kanuni za kuongea. Kwa hiyo ukiona kijana ameshindwa, usiulize kama anaweza kazi, uliza amekwama kwenye fungu lipi. Kule dukani kwa soda, mpwa wangu hakukwama kwenye kupanga bidhaa. Hakufikishwa huko.

Gerezani mambo yalianza na daftari la kurasa 96. Dada yangu alikaa stooni siku tatu, akaandika kila kinachofanyika mzigo unapoingia. Mzee mwenye duka alidhani ni kazi moja, "kupokea mzigo". Zilitoka hatua 14. Fungua boksi upande wenye mshale. Hesabu. Linganisha na karatasi ya mzigo. Ikiwa sawa, piga alama ya vyema. Ikiwa pungufu au imezidi, izungushie kalamu nyekundu, mpelekee mzee. Safi kabisa, wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili mzee alikwenda msikitini mchana, na aliporudi akamkuta kijana amesimama na karatasi mkononi, maboksi kumi na mawili hayajafunguliwa, wapagazi wanagombana mlangoni. Hatua ya 5 haikusema afanye nini kama mzee hayupo. Ikaongezwa ya 6: "Kama hayupo, weka karatasi kwenye sinia la bluu, endelea na boksi linalofuata." Tangu siku hiyo hawajakwama hapo tena. Mwenye macho haambiwi tazama, sawa, lakini mstari mmoja wa wino ulitosha.

Mzee alinifurahisha kwa jambo jingine. Wasaidizi wake wawili, wasio na usonji wowote, nao walianza kulichungulia daftari, na makosa ya hesabu yakapungua stoo nzima. Kumbe nao walikuwa wakijiongeza kwa kubahatisha.

Salamu ilihitaji daftari lake. Kijana asiyeamkia, kwetu, amejihukumu mwenyewe kabla hajashika kazi, na mpwa wangu alikuwa akiingia asubuhi moja kwa moja mpaka kwenye rafu kama maji kwenye mfereji. Wakakubaliana hivi: ukifika mlangoni, simama, sema "Shikamooni" mara moja kwa wote, subiri "Marahaba", nenda zako. Ukikutana nao tena siku hiyo hiyo huhitaji kurudia. Aliuliza atajuaje nani wa kuamkiwa na nani wa kuambiwa mambo vipi, na ukifikiri vizuri ni swali gumu, sisi wenyewe hukosea. Wakaamua wote wapewe shikamoo. Kuna dereva wa bodaboda wa miaka 20 pale nje anayepokea shikamoo kila asubuhi na ameizoea.

Kilichofanywa na dada yangu kina jina kwenye taaluma, na kwa Kiswahili naweza kukiita kusindikiza kazini. Utaratibu wa zamani ulikuwa kumfundisha mtu kwanza, miaka mitatu ya kupanga shanga na vifungo kwenye kituo, mpaka "awe tayari". Wengi hawakuwa tayari kamwe, kwa kuwa ujuzi wa kupanga vifungo kituoni hauhamii wenyewe kwenda kwenye duka la spea. Utaratibu mpya uligeuza mambo: mwingize kazini kwanza, mfundishe hapo hapo, na msindikizaji akae karibu, kisha asogee, kisha abaki kwenye simu. Mpango wa Project SEARCH, ulioanza 1996 katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, huwaweka vijana mahali pa kazi mwaka mzima wa masomo, wakipitia vitengo vitatu tofauti. Huko Virginia, Paul Wehman na wenzake waliupima kwa vijana wenye usonji na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Kati ya 24 waliopitia mpango ukiwa umeongezewa msaada maalumu wa usonji, 21 walipata ajira. Kati ya 16 waliobaki na huduma za kawaida za shule, alipata 1. Ni kundi dogo, lakini pengo la 21 na 1 si la kubahatisha.

Huku kwetu msindikizaji huyo hulipwa na nani? Kwa kawaida hakuna. Ni mama, dada, shangazi aliyestaafu, mwalimu mwenye moyo. Ndiyo maana naona fedha nyingi za semina za "uhamasishaji" zingefanya kazi zaidi zikilipa nauli na chakula cha mchana cha msindikizaji kwa miezi miwili. Ila msindikizaji naye ajue kuondoka. Dada yangu alikawia. Ilibidi mzee amwambie, kwa fumbo bila shaka, kwamba siku hizi stoo imekuwa ndogo.

Sheria zipo. Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua 3%. Kenya, Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inaweka lengo la 5% katika nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa, na sheria ya watu wenye ulemavu, ile ya 2003 na hii ya 2025 iliyochukua nafasi yake, nayo inataja 5% kwenye ajira. Mkenya mwenye ulemavu aliyesajiliwa na baraza la taifa la watu wenye ulemavu na kupata cheti cha mamlaka ya mapato hatozwi kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kipato chake cha mwezi. Shida ni kwamba tukisema ulemavu, macho yanatafuta kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Mwajiri anayetaka kutimiza asilimia zake hamwoni mwenye usonji, na akimwona humwona kama mtovu wa nidhamu.

Hapo ndipo linapokuja swali linalozipasua familia: tuseme au tusiseme? Ukisema, huenda usiitwe. Usiposema, siku ya kumi na moja unaachishwa kwa kutosalimia. Ushauri wangu ni wa katikati. Usianze na jina la hali, anza na mahitaji. "Anafanya vizuri akiandikiwa. Kelele zikizidi anavaa vizibo vya masikio, hakudharau. Ukitaka jambo, liseme lote." Mwajiri anaweza kuyashika hayo leo. Neno "usonji" litafuata baadaye, na likifika litamkuta mtu anayejulikana. Lakini kama unaomba nafasi chini ya zile asilimia za sheria, au unataka kinga yake, hapo lazima karatasi zitoke.

Njia ya kujiajiri hutajwa haraka mno, hasa na watu wasiotaka kuajiri. Ni kweli kwamba halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga 10% ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4% wanawake, 4% vijana na 2% watu wenye ulemavu, na familia ifuatilie. Lakini biashara ndogo ni bahari ya mafumbo: kupatana bei, kukopesha, kumsoma mteja. Inawezekana pale ambapo mwingine anashika mdomo wa biashara na mwenye usonji anashika mkono wake, kufuga, kushona, kuoka, kuhesabu.

Na mabinti. Kijana wa kiume akikaa kochini, familia inahangaika. Binti mwenye usonji anapewa vyombo, anapewa wadogo zake, na kwa kuwa hana fujo hakuna anayesema hana kazi. Wengi hawapimwi kwa sababu wamejifunza mapema kuigiza, kucheka wenzao wanapocheka, na wanafika nyumbani wamechoka kama waliobeba mawe. Woga wa wazazi kuwapeleka kazini, kwamba atadhulumiwa, si wa kuupuuza. Ila jibu lake ni kuchagua mahali penye wanawake wawili watatu wanaoaminika na kumfundisha nani wa kumwambia nini. Kumfungia ndani nako kuna madhara yake, ila hayapigi kelele.

Wapo pia ambao kazi ya saa nane kwa siku haitakuja, hata kwa daftari la kurasa elfu. Namfahamu kijana asiyezungumza ambaye kila Jumanne na Alhamisi, kwa saa mbili, hukunja magazeti kuwa mifuko ya karanga kwa jirani muuza karanga. Jirani humlipa pesa yake mkononi. Mama yake anasema siku hizo mbili huamka mwenyewe na kuvaa viatu kabla ya chai. Kwenye takwimu yoyote huyo ni "hana ajira".

Mwezi uliopita mzee wa Gerezani alimwambia mpwa wangu apumzike. Mwaka wa tatu bila likizo, hata yeye aliona haya. Akamwambia Jumamosi jioni, "Wewe nenda nyumbani, pumzika kidogo." Jumatatu asubuhi kijana yuko mlangoni, "Shikamooni." Mzee akashika kichwa. Kisha akachana karatasi kwenye lile daftari na kuandika kwa herufi kubwa: LIKIZO. USIJE KAZINI. RUDI JUMATATU TAREHE 14, SAA 2 ASUBUHI. Akapiga na muhuri wa duka.

Tarehe 14 alikuwa pale saa moja na dakika arobaini, karatasi mkononi, akisubiri saa mbili ifike ndipo aingie.